Pesa za malezi ya watoto zimeishia ukutani

Ukimuuliza mwakilishi wadi yeyote, awe wa Kisauni, wa Mariakani au wa Machakos, amewafanyia nini watoto wadogo wa wadi yake, atakupeleka kwenye jengo. Vyumba viwili, mabati ya rangi, twiga aliyechorwa ukutani, na bamba la ufunguzi lenye jina la gavana. Sina ugomvi na majengo hayo. Wengi wetu tulianza kusoma chini ya mkungu au kwenye baraza ya msikiti, na mtoto anayekalia kiti cha kimo chake amepata alichokosa babake. Ila liko swali ambalo bamba halijibu: mtoto wa miaka miwili, ambaye mamake ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kutafuta riziki, saa hizi yuko wapi, na yuko na nani?

Swali hili nilirudi nalo kutoka Katelembo, Machakos, na sijaweza kulitua tangu hapo. Naona linatuhusu sisi wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Katelembo iko karibu na mji wa Machakos. Walio nje ya Ukambani wakilisikia jina hilo, aghalabu hulisikia likiandamana na chama cha ushirika cha Katelembo Athiani Muputi, chama cha kilimo na ufugaji ambacho habari zake huwa za mashamba na viwanja. Mimi sikwenda kwa habari za viwanja. Dada aliyekuwa akilea watoto wa ndugu yangu hapa Mombasa alifiwa na babake. Tukaona si uungwana kutuma pesa za simu peke yake, tukafunga safari kwenda kuhani.

Huko ndiko nilikomkuta mamake. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mjane wa wiki moja, na bado ana watoto watano miguuni mwake. Wawili ni wa huyo dada yetu. Mmoja ni wa binti mwingine anayeshona nguo katika kiwanda cha eneo la EPZ kule Athi River. Wawili waliobaki si wajukuu hata kidogo. Ni wa majirani wanaouza mboga sokoni Machakos, ambao humwachia kila asubuhi pamoja na shilingi hamsini kwa kila mtoto, siku zinapopatikana. Wote watano wanamwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita bibi. Mkubwa wao ametimiza miaka minne, huenda chekechea ya kaunti asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri. Wanne hawana pa kwenda. Mdogo kabisa alikuwa wa miezi minane hivi, amefungwa mgongoni kwa leso muda wote tuliokaa.

Niliuliza, kwa udadisi ambao hata matangani haukunyamaza, kama serikali inamsaidia kwa lolote. Alicheka kidogo. Pesa za wazee za Inua Jamii, shilingi elfu mbili kwa mwezi, mtu huanza kuzipata akiwa na miaka 70, naye hajafika. Kwa hivyo kwenye daftari za serikali mwanamke yule hana kazi, na wala hana umri. Na kama angelala kitandani wiki moja tu, wanawake wanne wangelazimika kukaa nyumbani: mshona nguo, wauza mboga wawili, na yaya mmoja wa Mombasa. Ongeza ndugu yangu na mkewe, ambao wangemkosa yaya, ufikie sita.

Hebu tuifuate shilingi. Ndugu yangu anakwenda kazini kwa sababu yuko dada anayelea watoto wake. Dada anakwenda kazini kwa sababu yuko Susu anayelea wake. Ndugu yangu ana hati ya mshahara. Dada analipwa kidogo, na kila ninapokitaja kiwango hicho nyumbani mazungumzo hubadilishwa. Susu analipwa hamsini za majirani, pamoja na unga na sukari ambayo bintiye hutuma. Kila malezi yanaposhuka ngazi moja, pesa hupungua, mpaka yanafika kwa mtu wa mwisho ambaye hana wa kumshushia.

Mnyororo huu haukuanza Mombasa wala hauishii Mombasa. Wasomaji wangapi wa safu hii wana dada, binti au shangazi aliyeko Riyadh, Jeddah au Dammam akilea watoto wa watu, na wake wako Likoni au Malindi kwa bibi yao? Tukiongea habari za Ghuba tunaongea pasipoti, mawakala na mishahara iliyozuiliwa, na ni haki tuongee. Yule bibi hatumtaji. Tunamchukulia kama kisima cha mtaa: hakuna anayeuliza kimechimbwa na nani mpaka siku kinapokauka.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa wananchi wengi hupotezwa njia. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, sehemu ya pili, imezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kazi za mikono za nyumbani, na vituo vya kulea watoto. Soma tena polepole. Chekechea ni jambo moja. Vituo vya kulea watoto ni jambo jingine, limetajwa kwa jina lake ndani ya mstari uo huo. Si hisani ya gavana wala ahadi ya kampeni. Na si kazi ya mbunge: fedha za maendeleo ya maeneo bunge, tangu sheria yake ya 2015, zimefungwa kwenye majukumu ya serikali ya kitaifa. Mama anayepanga foleni ofisini kwa mbunge kuomba kituo cha watoto amepanga foleni isiyo yake.

Tangu kaunti zianze kazi 2013, nusu moja ya mstari huo imefanyiwa kazi kubwa. Kwale, chini ya Salim Mvurya hadi 2022, ilijipatia sifa nchini kwa chekechea ilizojenga hadi vijijini, na sifa hiyo ni ya haki. Mwaka 2021 ikapitishwa sheria ya elimu ya awali kuzipa kaunti utaratibu wa kuziendesha. Nusu ya pili, ya vituo vya kulea watoto, imelala. Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017, lakini sheria ya kusajili na kukagua si sawa na pesa.

Fanya hesabu hii ndogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara. PP1, darasa la kwanza la chekechea, humpokea mtoto wa miaka minne. Toa miezi mitatu kwenye miaka minne. Inabaki miaka mitatu na miezi tisa ambayo serikali, ya juu na ya chini, haina mahali pa kumweka mtoto huyo mamake akiwa kazini. Na hiyo ni hesabu ya mwenye barua ya kazi. Anayekaanga viazi karai Majengo, au anayefua nguo za watu Nyali, hana hata hiyo miezi mitatu. Siku arubaini zikiisha, kama ameweza kuzikaa, anarudi kwenye jiko lake na mtoto ubavuni. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Ni jambo jema kwa karani wa benki. Mama wa mboga wa soko la Machakos, au wa Kongowea, mwajiri wake ni nani?

Kwa nini basi pesa hazifiki huko? Jibu jepesi ni siasa: ukuta hupigwa picha, uji haupigwi. Lipo jibu la pili ambalo sioni likitajwa kwenye mikutano, nalo limo ndani ya kanuni za fedha zenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Zilitungwa kwa nia njema, kaunti zisije zikageuka mashine za kulipa jamaa na wapambe. Kaunti nyingi zimeuvuka mpaka huo wa mishahara, na Mdhibiti wa Bajeti amezikemea katika ripoti moja baada ya nyingine.

Lakini tazama kanuni hizo zinavyomfanyia mtoto. Tofali ni maendeleo. Mlezi ni mshahara. Unga wa uji ni matumizi ya kawaida. Waziri wa fedha wa kaunti anayetaka kuifikia ile thelathini huku anaikimbia ile thelathini na tano atajenga chumba cha pili kabla ya kuajiri mlezi wa kwanza, na kwenye karatasi atakuwa ametii sheria sawasawa. Ndipo unapokuta chekechea yenye rangi mbichi na mwalimu mmoja wa kandarasi, anafundisha madarasa mawili, anazibua choo, na mshahara wake umechelewa.

Kwa mtoto wa miaka minne jengo linasaidia kiasi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja jengo ni karibu si kitu. Malezi ya umri ule ni mikono: ya kumbeba, kumlisha, kumsafisha, kumwitikia anapolia na kumsemesha. Mtu mmoja hawezi kuwatazama vichanga kumi kwa namna hiyo hata akikaa ndani ya ikulu. Na ndiyo miaka ambayo ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Samaki tunaambiwa tumkunje angali mbichi. Kaunti zinamsubiri hadi atimize minne.

Majengo yana shida nyingine, ya ardhi. Kwenye mashamba yaliyokuwa ya vyama na kampuni za ardhi, yakishakatwa viwanja na kugawiwa wanachama, kipande cha umma ni adimu, na palipo na kipande kuna watu watatu wanaokidai. Hapa Mombasa tuna mkasa wetu: nyumba bila ardhi. Mtaa mzima umejengwa juu ya kiwanja cha tajiri ambaye wapangaji hawajapata kumwona. Kaunti itajenga wapi kituo cha watoto Kisauni ikiwa haina hata pa kuweka pipa la taka? Tukingoja jengo, watoto wa mitaa hiyo watangoja mpaka wawe na watoto wao.

Ndiyo maana nasema pesa za serikali zimfuate mtoto na mwanamke anayemlea, hapo hapo walipo. Kazi tayari inafanyika. Kila mtaa wa Likoni, Changamwe na Magongo una mama anayepokea watoto wa majirani. Wengine wanamwita mama wa beibikea, wengine hawamwiti chochote. Kinachokosekana ni chakula cha watoto, maji safi, godoro, mafunzo ya kumtambua mtoto mgonjwa, ziara ya mhudumu wa afya wa jamii, na malipo ya mwezi, hata yakiwa madogo, ili asilazimike kupokea watoto ishirini ndipo apate kodi ya chumba.

Hili si wazo la ajabu, na sisi wa Pwani tulikuwa wa mwanzo kulijaribu. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa hapa walisikitika kuona watoto wetu wanafika darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Wakapeleka ombi kwa Aga Khan. Kukazaliwa mpango wa chekechea za Madrasa, ulioanzia Mombasa, na mwalimu aliyeubeba ni Bi Swafiya Said. Hakuleta walimu kutoka ng'ambo. Alichukua wanawake wa mitaa hiyo hiyo, wengi wao wasiokuwa na vyeti vikubwa, akawafundisha na kuwafuata darasani. Vifaa vilikuwa vifuu, makombe ya pwani, vizibo vya chupa na vitambaa. Qur'ani na nyimbo za watoto zikakaa chumba kimoja bila kugombana. Kamati za mtaa ndizo zilizosimamia. Mwaka 1990 mpango ukavuka kwenda Zanzibar, na 1993 ukafika Uganda.

Nautaja mpango huo kwa sababu mbili. Ya kwanza: ulithibitisha kuwa mwanamke wa mtaani akifundishwa na akatembelewa mara kwa mara anaweza kutoa malezi na elimu ambayo mzazi wa mjini angeilipia ghali. Ya pili ni chungu zaidi. Pesa zake hazikuwa za serikali. Zilikuwa za wafadhili na za wazazi, na mahali wazazi walipo maskini kabisa, karo ndogo bado ni karo. Mitaa iliyokuwa na kamati imara ilistahimili. Mitaa iliyohitaji zaidi ndiyo iliyopata tabu zaidi kuendelea, kama ilivyo desturi ya mambo yanayotegemea michango.

Wakamba nao hawana la kufundishwa katika kazi ya pamoja. Vikundi vyao vya mwethya, vilivyojaa wanawake, ndivyo vilivyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye milima ya Machakos, wilaya ambayo katika miaka ya 1930 watawala waliiona kama imekufa. Baada ya uhuru, chekechea nyingi za nchi hii zilikuwa za harambee: wazazi wanachanga, mmoja wao anachaguliwa kuwa mwalimu, mshahara wake ni mahindi na ahadi. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilitoa mkopo kusaidia malezi ya awali nchini. Kisha 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, chekechea ikabaki ya kulipia. Sehemu nyingi wazazi walipiga hesabu ambayo mtu yeyote angepiga: kwa nini nilipe karo ya chekechea ilhali darasa la kwanza ni bure? Wakawaweka watoto nyumbani wakingoja umri. Pesa za umma zinapoishia, hapo ndipo mzazi maskini anaposimama.

Kuna ushahidi mwingine wa karibu. Mtaani Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya kina mama vocha za kulipia vituo vya kulelea watoto, wengine hawakupewa, kisha wakalinganisha. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kazini, kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia. Kina mama wasio na waume waliweza kuhamia kazi zenye saa za kawaida bila mapato yao kushuka. Hakuna jengo lililojengwa. Vituo vilikuwa vile vile vya mtaani. Mashirika kama Kidogo na Tiny Totos yamekuwa yakifanya kazi na wanawake wa vituo vya namna hiyo Nairobi: mafunzo, usafi, daftari la hesabu. Ni kazi nzuri, ila shirika haliwezi kufanya kazi ambayo Katiba imeipa kaunti, na lisiombwe kuifanya.

Colombia iliingia njia hii katika miaka ya 1980. Mama wa mtaa anapokea watoto nyumbani kwake, serikali inaleta chakula na malipo kidogo. Haikuwa pepo. Wanawake hao walipigania haki yao miaka mingi, mpaka 2014 ndipo wakaanza kupewa mikataba na mshahara wa kima cha chini. Nalitaja hilo mapema, kwa sababu najua serikali zetu zitakavyolipenda wazo la "mama wa kujitolea". Kujitolea ni neno tamu kwa asiyejitolea.

Jirani zetu Tanzania walizindua Desemba 2021 programu yao ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, wakiwaweka chini ya mpango mmoja watoto wa umri wa sifuri hadi miaka minane. Mpango si pesa, na Tanzania ina majengo yake na mabamba yake. Lakini kule mtoto wa mwaka mmoja angalau ameandikwa.

Najua nitakayoambiwa. Wapo watakaosema malezi ni ya mama na nyumba yake, serikali isiingie. Nawaheshimu, na kwa hakika mtoto hapati bora kuliko mama aliyeshiba na aliyepumzika. Swali ni kwamba mama huyo tayari ametoka. Ametoka kwa sababu unga umepanda na kodi ya nyumba haisubiri. Hatubishani kama atoke au asitoke. Tunabishana kama mtoto aliyeachwa awe mahali salama au asiwe. Anayetaka mama abaki nyumbani alete mshahara wa kumbakisha.

Wengine watasema vituo vya mitaani ni hatari. Kweli, vingine ni hatari. Vyumba vya giza, jiko la makaa karibu na watoto, mtoto anayenyweshwa dawa ya kikohozi ili alale. Nimesikia na nimeona. Lakini kaunti ikija na askari kufunga chumba kile, watoto wale kesho watakuwa chumba kingine, kilichofichika zaidi, au watafungiwa peke yao. Ukaguzi unaokuja na unga na mafunzo hufunguliwa mlango. Ukaguzi unaokuja na faini hufungiwa.

Na wapo watakaosema hakuna pesa. Hapo nawaomba tuangalie pesa zilizopo zinavyoelekezwa. Kifungu cha 204 cha Katiba kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Katika orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizostahili, zetu tano zilikuwemo: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kifungu kinataja matumizi yake: maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Malezi ya watoto hayamo. Sitaki Katiba ibadilishwe kwa ajili hiyo, lakini mtaa uliopata kisima kwa hazina hiyo unaweza kuwa mtaa ambao kaunti yake, kwa pesa zake, inawapa walezi maji bila malipo. Na Nairobi imeonyesha kuwa kaunti ikitaka kupika, inapika: tangu 2023 watoto wa chekechea na shule za msingi za umma wanapata chakula cha mchana, mzazi akilipa shilingi tano, kaunti ikishirikiana na shirika la Food4Education. Sufuria hiyo ipo. Mtoto wa miaka miwili haifikii kwa sababu hayuko shuleni.

Ningeulizwa nianzie wapi, ningeanza na chakula. Chakula ni rahisi kuhesabika, ni vigumu kukificha mfukoni kuliko fedha taslimu, na ndicho kinachomleta mlezi kujiandikisha kwa hiari. Ukishakuwa na orodha ya walezi ndipo unajua wangapi wa kufundisha na watoto wangapi hawajachanjwa. Malipo ya mwezi yafuate, yaandikwe kama ruzuku kwa kituo kwa idadi ya watoto, si kama ajira mpya, ili ile asilimia 35 isiwe kisingizio. Wanasheria wa kaunti watapata la kufanya.

Kaunti ya Machakos ilihesabiwa watu 1,421,932 mwaka 2019, Mombasa 1,208,333, Kilifi 1,453,787. Tofauti si kubwa, Katiba ni moja, na kalenda ya bajeti ni moja. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha ni Februari 28. Makadirio ya bajeti ni Aprili 30, na baada yake huja vikao vya maoni ya wananchi, vile vinavyotangazwa gazetini kwa herufi ndogo na kufanyika ukumbini asubuhi ya siku ya kazi, wakati ambao mama mwenye mtoto mgongoni yuko sokoni.

Kwa sababu hawezi kufika, maoni yanaweza kuandikwa. Omba kitabu cha makadirio, ofisi ya kaunti haina haki ya kukunyima. Tafuta fungu la elimu, kisha tafuta maneno "vituo vya kulea watoto". Ukikuta yamo, tazama ni shilingi ngapi na ni za ujenzi au za uendeshaji. Usipoyakuta, andika hivyo hivyo: kwamba Jedwali la Nne limetaja kazi hii na makadirio hayakuitaja, na kwamba wadi yako ina walezi kadhaa ambao uko tayari kuwaonyesha. Ukurasa mmoja unatosha. Upeleke kwa karani wa bunge la kaunti, nakala kwa mwakilishi wadi, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijapigwa muhuri.